Ukurasa wa Kumi na Moja

4 Novemba

Dada yangu,

Naanza na salamu moja moja, maana najua nikiruka mtu utanihesabia. Wifi yako hajambo, ila mgongo. Watoto wazima. Goti langu linaendelea na ukaidi wake. Siku hizi nafundisha nimekaa juu ya dawati kama mwanafunzi mtukutu. Bati la jikoni tumelipigilia upya. Natumaini wewe na cherehani zako tatu mu wazima. Simu sitakupigia. Mwaka juzi tulijaribu mara tatu, na mara zote tatu ulikata kabla sijafika kwenye jambo lenyewe.

Jambo lenyewe ni hili. Chiriku amefaulu. Mtoto wa marehemu mdogo wetu, yule tuliyempa jina la ndege kwa kuropoka kwake, ameshika nafasi ya tatu katika darasa la watoto arobaini na wanane, na mimi ndiye mwalimu wake, kwa hiyo niruhusu nijisifu kidogo. Amepangiwa sekondari ya hapo kwenu. Ile unayoijua. Naomba akae kwako.

Hendi peke yake. Kutoka shule yangu wanakuja kumi na mmoja, na karibu wote wana mzigo mgongoni: mmoja ana kigugumizi, mmoja anamlea bibi yake asiyeona, wawili wanasoma taratibu sana, na kadhalika. Mwaka jana nilipeleka tisa wa namna hiyo. Wanne walikuwa wamerudi nyumbani kabla ya katikati ya muhula. Walifaulu mtihani, dada, wakashindwa na lango. Kila mwaka huwa naandika ukurasa mmoja kwa kila mtoto, nini kinamsumbua na nini kinamsaidia, naweka kwenye bahasha naituma sekondari. Sijawahi kujibiwa.

Wewe unawapima sare. Ukiwaona, waangalie kwa jicho la tatu. Chiriku hatakupa taabu. Yeye hana shida yoyote.

Kaka yako.


2 Desemba

Kaka,

Shikamoo. Barua yako ilichukua siku kumi na moja kufika, na mimi nimechukua siku kumi na saba kujibu, kwa sababu huu ndio msimu wangu. Nimeshapima watoto sitini na wanne, bado kama hamsini. Msaidizi wangu amejifungua mtoto wa kike, kwa hiyo cherehani moja imelala. Mpe wifi pole ya mgongo. Mwambie aache kuinama kuokota vitu unavyoangusha wewe. Kuanzia sasa barua mpe dereva wa lori la vitambaa: Jumatatu anapita kwenu, Alhamisi anarudi huku. Nimeshaongea naye.

Sasa nami nina swali. Kwa nini mimi? Miaka ishirini na saba hujaniuliza neno juu ya ile shule. Nilikaa pale siku kumi na tisa. Nilizihesabu kama mfungwa. Nikatoka, nikaenda kufagia vipande vya vitambaa kwa fundi mmoja, nikajifunza kushona kwa kutazama mikono yake, maana mdomoni alikuwa na matusi tu. Hakuna aliyenishika mkono, wala sikuomba. Leo nusu ya watoto wanaoingia lango lile wamevaa nilichokishona mimi. Na mimi mwenyewe naishia kwenye dirisha la karani. Nakabidhi furushi, natia sahihi, nageuka.

Umeandika wanne katika tisa kama mtu anayetaja mvua. Wanne katika tisa ni karibu nusu. Mimi nikiharibu sketi nne katika tisa, nafunga duka na watu wananisema sokoni. Nyinyi walimu mnasema nini, bahati mbaya?

Chiriku aje. Ni damu yetu na hana kosa. Na hao kumi waje niwapime. Sketi zangu unazijua, au labda huzijui: zinamkaa mtoto sawasawa siku ya kwanza, na ndani nimekunja pindo mara tatu, akirefuka analetwa nalishusha. Mtoto hatembei ndani ya gunia kwa sababu anatarajiwa kukua. Hiyo ndiyo iliyonipa jina mjini, na nina sababu zangu za kuianzisha.

Mdogo wako, fundi.


20 Desemba

Dada yangu,

Asante. Tumesoma barua yako mezani, isipokuwa sehemu ya kuangusha vitu, ambayo wifi yako aliisoma mara mbili.

Chiriku atakuja na dereva wa lori Alhamisi ya kwanza ya Januari. Wengine watafikia kwa jamaa zao na kwenye bweni, na yule wa bibi anakuja naye. Bahasha nimeshaituma kwa mkuu wa shule.

Chiriku ana mazoea yake. Akitembea nawe atataka uwe kulia kwake, na mezani atachagua kiti cha mwisho. Mvumilie, ni mazoea tu. Ana sanduku moja na kitabu cha hadithi ambacho hakiachi.

Juu ya mengine uliyoandika, siku moja tutakaa tuzungumze.

Kaka yako.


20 Januari

Kaka,

Salamu ni fupi. Sisi wazima, cherehani zote zinafanya kazi, mvua imenyesha mara mbili. Nina mambo mengi na nataka uyasome kwa mpangilio wake.

Kwanza, nilichofanya. Kabla shule haijafunguliwa niliwaita watoto wako wote kumi na mmoja dukani, Jumamosi, waje kujaribu sare. Nikawauliza wanaogopa nini. Wakasema hawaogopi. Nikawauliza wanajua chumba cha sayansi kiko wapi. Wakaonesha pande tatu tofauti. Nikapiga hesabu mbele yao: kwenu walikuwa na chumba kimoja na mwalimu mmoja, huku wana vyumba sita na walimu kumi na mmoja, kengele mara tisa kwa siku, na kati ya kengele na kengele dakika tatu. Yule wa kigugumizi akasema, sasa tunaogopa. Wakacheka wote. Hapo tukaanza kazi.

Seremala anayetengeneza madawati ya shule alinitajia kila mlango. Nikafuta meza yangu ya kukatia nikachora shule nzima kwa chaki: lango, bomba, vyoo, vyumba, jiko. Nikampa kila mtoto pini yenye kichwa cha rangi yake. Nikawa nagonga mkasi mezani kama kengele, wao wanasogeza pini zao. Mara ya kwanza saba walipotea na mmoja akaingia jikoni. Mara ya nane hakupotea hata mmoja. Wateja walisimama mlangoni wakidhani nimefungua kamari. Nikawakataza jambo moja tu: pini yoyote isisimame peke yake karibu na bomba. Hawakuniuliza kwa nini.

Siku ya kwanza, wote kumi na mmoja walifika kila chumba kwa wakati. Niliposikia, nilishona sweta mkono wa kulia mahali pa kushoto, kwa furaha.

Pili, bahasha zako. Jumatano nilipeleka sweta, nikamuuliza karani. Akainua trei ya vikombe vya chai, zikatoka mbili, ya mwaka jana na ya mwaka huu. Hazijafunguliwa. Ya mwaka jana ina duara la kikombe juu ya mwandiko wako. Si mtu mbaya. Aliniambia hakujua ni za nani hasa. Kaka, miaka yote hiyo unaandika na hujawahi hata siku moja kupanda gari uje kuuliza kama zinasomwa. Karani akamwita mwalimu wa malezi pale dirishani, mama mmoja asiye na haraka. Akafungua ya mwaka huu mbele yangu, akasoma ukurasa wa kwanza amesimama, wa pili amekaa. Akaniomba radhi mimi, kana kwamba niliandika mimi. Kesho yake yule wa kigugumizi aliruhusiwa kujibu kwa kuandika ubaoni, na yule anayelea bibi akapewa ruhusa ya kuchelewa dakika ishirini. Kurasa zako zinafanya kazi, nakusifu kwa hilo, na si kazi rahisi mimi kukusifu.

Ila mimi huhesabu kila kinachopita mkononi mwangu. Watoto kumi na mmoja. Kurasa kumi.

Tatu, basi. Siku ya tatu ya shule mwalimu wa hesabu alimtoa Chiriku nje kwa kiburi: amemwita mara nne, hakugeuka. Siku ya sita tena. Nami nikafanya kosa, nikamgombeza. Nilimwambia katika nyumba hii mtu akiitwa huitika. Chiriku gani huyu, nikajiuliza, anayesema maneno matatu tangu asubuhi.

Alhamisi nilikuwa nampunguzia sketi kiunoni, nimepiga magoti kushoto kwake, pini mdomoni. Nikamwambia geuka. Hakugeuka. Nikatoa pini, nikahesabu kwa sauti ya kawaida moja mpaka kumi. Hakutikisika. Nikazunguka kulia nikaanza tena. Sijamaliza tatu akasema, "Unahesabu nini, Shangazi?"

Nilikaa chini sakafuni, kaka. Sikio la kushoto halisikii kitu. Nilipomuuliza, akasema, "Baba Mkubwa alisema nisimwambie mtu."

Umeandika kurasa za watoto wa watu, ukamnyima wa kwenu. Ungemwandikia mstari mmoja, angekaa dawati la kushoto mbele na mambo yangeisha. Nieleze.

Fundi.


27 Januari

Kaka,

Lori limerudi Alhamisi mikono mitupu. Dereva anasema alikukabidhi barua yangu mwenyewe, ukaiweka mfukoni bila kufungua ukamuuliza habari za barabara.

Nitakuambia yaliyopo. Jana ilikuwa siku ya kumi na tano ya shule. Nilitaka kwenda kwa mwalimu wa malezi nimwambie mwenyewe. Chiriku akashika mlango. Alisema nikimwambia, watamweka mbele kama kielelezo, na wale wasichana wa kidato cha pili ambao sasa wanamwita Sanamu watapata jina lingine baya zaidi. Nikamwambia si lazima. Ni siri yake, si yangu, na mtoto wa miaka kumi na minne ana haki ya kujua nani anafungua mdomo juu yake. Lakini sanduku lake amelifunga. Liko chini ya meza ya kukatia. Anasema lori likienda Jumatatu, Jumatatu hii hii, atapanda. Nimemwomba anipe wiki moja. Amekubali kwa sababu namdai, anasema, pini aliyopoteza. Utani huo mdogo ndio kitu pekee kilichonipa usingizi.

Najua mtoto anavyofunga sanduku, kaka. Hufungi siku moja. Unaweka kitu kimoja kimoja kuanzia siku ya pili.

Anachohitaji mimi sina. Mimi siku ya ishirini sijawahi kuifikia, kwa hiyo siwezi kumwambia ilivyo. Wewe ulimaliza pale miaka minne. Andika.


31 Januari

Dada yangu,

Barua zako zote mbili ziko mbele yangu. Ya kwanza nilijibu mara nne nikachana. Ya tano ndiyo hii. Nyumbani wazima. Nimeanza na hilo ili nisianze na hili.

Miaka mingi nyuma, nikiwa mwalimu mgeni, nilimwandikia mtoto mmoja ukurasa kwamba haoni mbali, akienda sekondari nyingine. Wao waliusoma. Wakamrudisha na barua, apelekwe penye shule ya watu kama yeye. Hakupelekwa popote. Chiriku alipopoteza sikio kwa homa, akiwa na miaka sita, nilisema huyu hawatampata. Nilimfundisha kusoma midomo, kuchagua kiti, kutembea kushoto kwa watu. Nilijivuna kwamba hakuna anayejua. Nilimfundisha kujificha, dada, nikaiita malezi.

Hiyo ndiyo sababu niliyokuwa nimeandika katika zile nne nilizochana. Ni kweli, lakini si yote.

Siku yako ya kwanza pale, mimi nilikuwa kidato cha tatu. Ulisimama karibu na bomba. Sketi aliyokushonea mama ilikufika vifundoni, ya kukulia miaka minne, umeishika kwa mkono mmoja ili usiikanyage. Nilikuwa na wenzangu wanne. Mmoja akauliza, huyo kaanguka kutoka wapi, mnamjua? Wote wakacheka. Nami nikasema, "Simjui."

Nikapita. Na kesho yake nikapita, kwa kuwa nilikuwa nimeshasema. Siku kumi na tisa nilipita. Ulipoacha, nilimwambia mama kwamba shule ilikuwa ngumu kwako.

Kurasa zote nilizoandika miaka hii ni neno ambalo sikulisema siku ile. Zilipofika kwa mtoto wa nyumbani nikasema lile lile. Simjui.

Ndani ya bahasha hii kuna bahasha ndogo. Ni ukurasa wa kumi na moja. Nimemwandikia Chiriku, si shule. Asome yeye kwanza. Akitaka aupeleke, akitaka auchome. Na juu ya siku ya ishirini, nimemwandikia ukweli: inafanana na ya kumi na tisa, ila unakuwa umeshajua milango.

Sikuombi unisamehe kwa barua.

Kaka yako.


3 Februari

Kaka,

Shikamoo. Mtoto wa msaidizi wangu amepewa jina langu, sijui walifikiria nini. Mvua imekatika. Mwambie wifi nimemtumia mto wa kuegemea mgongo, uko kwa dereva, umejazwa vipande vya sare za miaka mitatu, kwa hiyo atalalia sekondari nzima.

Barua yako ilifika Alhamisi, siku ya kumi na tisa. Chiriku alichukua bahasha yake akaenda kusoma nyuma ya marobota ya vitambaa. Nilishona sketi mbili nzima akiwa huko. Alipotoka akalivuta sanduku kutoka chini ya meza, nami nikaacha kukanyaga cherehani. Akalifungua, akatoa sketi ya kesho yake, akaniomba pasi.

Jana asubuhi aliupeleka ukurasa mwenyewe. Hakumpa mwalimu wa malezi. Alimpa mwalimu wa hesabu, yule yule. Ananisimulia kwamba mzee wa watu alisoma, akavua miwani, akasema, "Mara nne nilikuita, kumbe niliita ukuta." Chiriku akamjibu, "Ukuta uko sikio la kushoto, mwalimu, mimi niko la kulia." Darasa likaanguka kwa kicheko, na safari hii alicheka nao. Amehamia dawati la kushoto mbele. Hesabu ya jana amepata tisa katika kumi, na hiyo moja anadai mwalimu ndiye aliyekosea. Maneno yamemrudia, kaka. Leo tangu asubuhi ameongea mpaka nimemwomba anipumzishe.

Sasa lile lako.

Nilisikia. Bomba halikuwa mbali. Sijapoteza sikio, mimi. Miaka ishirini na saba nimesubiri uniambie nilichokisikia, na nimekuwa nikijiuliza utakisema ukiwa na umri gani. Siwezi kukuambia kimeisha kwa sababu kimeandikwa. Lakini kila pindo nililokunja mara tatu lilitoka kwenye sketi ile, na sare mia moja na kumi na nne zimetoka dukani kwangu msimu huu, kwa hiyo sitasema pia kwamba nilitoka mikono mitupu. Njoo likizo. Utakaa mezani kwangu, utaniambia kwa mdomo. Na goti lako lije nalo, nitalitafutia mto.

Ukija, uje na majina ya watoto watakaofanya mtihani mwaka huu. Mwalimu wa malezi na mimi tumekubaliana: kurasa hazipiti tena chini ya trei, zinakuja kwa mkono, mtoto amezisoma kwanza, naye anakuwepo zinaposomwa. Na meza yangu Januari ni yao Jumamosi zote. Watoto wako wa mwaka huu ni kumi na mmoja, na jana, siku ya ishirini, walioitika majina darasani ni kumi na mmoja. Nimemwomba karani anihesabie upya. Ni hao hao.

Bado kitu kimoja, nimekiweka mwisho kwa makusudi.

Jana saa ya mapumziko nilipeleka sweta kumi na nne. Uwanja umejaa. Nimefika kwenye dirisha, natafuta kalamu ya kutia sahihi, nikamwona Chiriku karibu na bomba pamoja na wale wasichana wa kidato cha pili. Mmoja akanyoosha kidole akauliza, yule mama wa furushi ni nani. Nilisikia, nimekuambia pale husikika kila kitu. Nikainamisha kichwa nitie sahihi niondoke. Mkono wangu, kaka, ulikuwa unatafuta sketi ya kushika.

Chiriku akajibu kwa sauti ya kuvuka uwanja mzima, "Ni shangazi yangu. Na hiyo sketi uliyovaa kashona yeye."

Akaja mbio, akashika upande mmoja wa furushi, akasema stoo ya sare iko nyuma ya chumba cha sayansi, twende nikuoneshe. Karani akanitazama, mimi nikamtazama karani. Tukapita dirisha. Ni hatua hamsini na mbili mpaka stoo, yeye kushoto, mimi kulia, akinitajia kila mlango. Nilizihesabu kwenda, na kurudi nikasahau kuhesabu.

Mdogo wako.